Gari la Ngusa Lisilokata Kiu

Mume wangu Ngusa alikuwa mtu mwenye akili. Nalisema hili mapema, kwa sababu nikishaanza habari za gari lake hamtaniamini. Ng'ombe wake walipita mia na kila mmoja alimjua kwa sauti. Akisikia kikohozi kimoja tu zizini alikuambia ni yupi na homa ameipatia wapi. Watu walitoka Litapunga kuja kwetu Kakese kumuuliza habari za ndama zao. Ila alikuwa na tatizo moja: kila kitu kinachokwenda chenyewe alikiona ni mfugo.

Mwaka 1996, kiangazi kilipoanza, aliuza ng'ombe kumi na wanne, akarudi kutoka Mpanda mjini na pikapu nyeupe ya Kijapani, mtumba. Katika hao kumi na wanne alikuwamo mtamba wangu, niliyepewa na mama yangu. Sikukaa kimya. Nilisema mpaka majirani wakatoka nje kusikiliza vizuri. Ngusa akaniambia nitulie, kwani safari ya kwanza ya gari itakuwa Mamba, kwa mama.

Hapo nikatulia. Mama yangu, Minza, nilikuwa sijamwona kwa miaka kumi na mmoja. Mamba si mbali hivyo, lakini mara mimba, mara mvua, mara ng'ombe wamepotea, na mwaka unapita. Yeye naye hakuweza kuja. Kwetu mama mzazi hakanyagi kwa mkwewe hivi hivi tu, mpaka kuwe na mgonjwa au msiba, na hata akifika wanakwepana kama watu wenye kesi. Sasa kwangu msiba haukutokea, namshukuru Mungu, na wagonjwa wangu wote walikuwa na tabia ya kupona kabla habari hazijafika Mamba.

Asubuhi ya safari nilikwisha kukaa kwenye kiti, kitenge kipya, kuku wawili miguuni. Ngusa akawasha gari. Kwenye dashibodi ikatokea taa nyekundu. Aliyemuuzia alikuwa amemwelekeza kwamba hiyo ni taa ya maji, ikiwaka ajue maji yamepungua. Ngusa akazima, akafungua boneti, akafungua rejeta. Maji yalikuwa tele. Akaongeza mpaka yakamwagikia viatu vyake. Akawasha tena, na taa ikawaka tena.

Akasema gari lina kiu. Hata siku moja hajamtoa mnyama safarini akiwa na kiu, na hawezi kuanza leo. Nikamwambia hicho ni chuma, wewe mwanaume. Akajibu kwamba anajua ni chuma, yeye si mjinga, lakini kitu kinachokunywa maji kina tabia za vitu vinavyokunywa maji. Nikashuka na kuku wangu.

Tangu siku hiyo gari likawa linapelekwa kisimani asubuhi na jioni, nyuma ya ng'ombe, kwa mwendo wa ng'ombe. Likifika linasubiri zamu. Ngusa analitilia vikombe viwili, yanamwagika, anawasha, taa inawaka, anatikisa kichwa, wanarudi nyumbani. Petroli ilipoisha alichukua baiskeli, akafunga dumu nyuma, akaenda mjini kununua nyingine. Yaani mwenye gari anapanda baiskeli kulitafutia gari petroli ya kwendea kunywa maji. Na mtamba wangu ndiye amekwenda hivyo.

Nikamwomba basi nipande lori la mpunga, kama wanavyopanda watu wote wa Mpimbwe, huko Mamba iliko. Akakataa katakata. Mke wa mwenye gari akae juu ya magunia? Watu watasema gari limemshinda. Kwa hiyo tulipokuwa hatuna gari ningeweza kwenda Mamba, na tulipopata gari nikawa siwezi. Nililia kwa hasira, siyo kwa huzuni, na chungu kimoja nilikivunja makusudi.

Majirani wakaanza kuja kutoa pole. Fabiani, mkulima wa tumbaku ambaye zamani alikuwa utingo, alikagua chini ya boneti akaona chupa ya plastiki iliyo tupu. Akasema ugonjwa ndio huu, akaijaza. Ngusa akaingia, akawasha, akagusa kijiti karibu na usukani, na maji yakaruka juu ya kioo cha mbele, waipa zikafuta. Taa ilikuwa inawaka vilevile, lakini Ngusa alifurahi sana. Alisema amekojoa, maana yake maji yanafika mwilini, tumpe muda. Wazee wawili waliokuwepo waliafiki.

Mimi sikutaka muda. Nilimtuma mtu Katumba akamwite Didace, fundi wa magari, nikaambiwa atakuja akimaliza mashine moja ya kukoboa. Wiki zikapita, wiki sita nzima, na Didace hakuonekana.

Badala yake, mchana mmoja, lori la mpunga likasimama barabarani. Juu ya magunia kulikuwa na mwanamke mzee, wanamsaidia kushuka, ameshika mfuko wa unga na jogoo. Nilimjua kwa jinsi alivyokuwa anawagombeza waliokuwa wanamsaidia. Sikumbuki nilivyofika barabarani. Nakumbuka tu kwamba nilimkamata nikashindwa kumwachia, na jogoo akawa anapiga kelele katikati yetu.

Alisema amesikia mnadani kwamba kwa Ngusa kuna mgonjwa wa wiki sita, anakunywa na hatosheki. Nikaogopa. Nikamuuliza kama walimwambia ni mimi.

"Waliniambia ni gari," alisema. "Mgonjwa si mgonjwa? Nionyesheni nimpe pole."

Nikampeleka. Ngusa alikuwa amekwisha kukimbilia nyuma ya ghala, kama inavyompasa mkwe. Mama akasimama mbele ya gari, akalipa pole kikamilifu, akauliza limelalaje, limekula nini. Ngusa alijibu kutoka nyuma ya ghala, kupitia kwangu, ingawa wote wawili walisikiana vizuri kabisa. Nilisimama katikati nikisema anasema hajambo kidogo, anasema jana alikojoa. Mama aliitikia kwa heshima zote, na machoni sikuona hata chembe ya mzaha.

Akakaa. Mgeni aliyekuja kuuguza haondoki mgonjwa akiwa vilevile. Tulipura maharage pamoja, alinisuka nywele, mimi mama wa watoto sita, nikaketi katikati ya magoti yake, ananiita mayu, yaani mama, kama zamani. Alinitajia waliokufa na waliozaliwa katika miaka kumi na mmoja, mmoja mmoja, na alipofika kwa marehemu dada yangu Ndaki alifumua msuko aliokwisha kuumaliza, akaanza upya. Jioni gari likirudi kutoka kisimani tulisikia Ngusa akilisemesha. Kwa mara ya kwanza tangu linunuliwe sikulichukia.

Siku ya tisa Didace akafika. Alifungua boneti, akatazama, akacheka hadi akakaa chini. Akamwonyesha Ngusa kopo jingine la plastiki, pembeni kabisa ya rejeta, limejaa vumbi. Taa haitazami rejeta, alisema, inatazama kopo hili la akiba. Ndani yake kuna boya dogo; maji yakishuka boya linashuka, taa inawaka. Mpira wa kutoka kwenye rejeta umechomoka, ndiyo maana maji yanayozidi yanamwagika chini badala ya kuingia humu. Na ile chupa ya Fabiani ni ya kuoshea kioo tu. Akachomeka mpira, akajaza kopo, akawasha.

Taa haikuwaka. Ngusa alimkumbatia Didace akamnyanyua juu. Mimi niliyemwita fundi huyo kwa mdomo wangu nilitamani kumpiga na mwiko.

Mama alisikia shangwe akiwa jikoni. Akasema Mungu mkubwa, amepona, akaingia ndani. Nilipomfuata nilimkuta anakunja kitenge chake. Lori lingepita kesho yake asubuhi. Ngusa asingeweza kumpeleka, mkwe na mama mkwe bega kwa bega kwenye kiti kimoja, hilo halipo. Nikamwomba akae siku mbili. Akauliza akae kama nani, mgonjwa amekwisha kupona, watu watasema amehamia kwa mkwewe. Nilijua anasema kweli. Nilijua pia kwamba ana miaka sabini na kitu, na kwamba miaka mingine kumi na mmoja hatuna.

Kulipoanza kupambazuka nilichukua mrija wa kunywea pombe, nikaenda kwenye gari, nikafungua boneti, nikauingiza kwenye kopo la akiba. Nikanyonya na kutema, nikanyonya na kutema. Maji yalikuwa na ladha ya kutu na mpira. Nikafunga nikarudi kitandani.

Ngusa alipoamka akaenda kumwangalia mgonjwa wake. Nikamsikia anaita kwa sauti ya msiba. Taa ilikuwa inawaka. Akaniagiza nikamwambie mama kwa uangalifu, asishtuke, kwamba mgonjwa amerudia. Mama akasikitika, akauliza imekuwaje, akafungua kitenge chake akakitundika tena. Lori likapita.

Didace aliitwa mara mbili. Kila akijaza, kesho yake taa inawaka. Alifungua, akafunga, akanusa, mwisho akasema katika kazi yake hajaona, na asingependa kusemwa Katumba, akaondoka bila hata kula. Kila alfajiri mimi na mrija wangu. Midomo ilikuwa inawasha. Nilimwonea huruma Ngusa, alikuwa amekonda, na nilijiona mwovu, ila sikuacha hata siku moja.

Mpaka siku ya kumi na mbili ya kazi hiyo, mtoto alisumbua na nikapitiwa na usingizi. Nilishtuka jua linachomoza. Mrija haukuwa mahali pake. Lori lingepita siku hiyo. Nilitoka mbio bila hata kujifunga vizuri.

Boneti ilikuwa wazi. Mama yangu alikuwa ameinama ndani, ameegemeza kichwa kwenye bati, mashavu yameingia ndani, ananyonya. Akatema maji pembeni ya tairi, akajifuta kwa mkono, akaniona. Hakushtuka.

"Nyie watoto mna papara," alisema. "Kila siku unatoa kidogo, mayu. Ingekuwa wewe peke yako, taa isingewaka."

Akaniachia boneti nimshikie, akainama tena.