Risasi Isiyotoka Kwenye Bunduki

Saa tatu asubuhi, Fundi Betri anavua shati la nyumbani, analifunga ndani ya mfuko na kulitundika msumarini. Anavaa ovaroli, barakoa na glavu. Betri ya lori inamsubiri juu ya benchi, vichwa vyake vimeota kutu.

"Zamani nilitoka na nguo za kazi hivihivi mpaka nyumbani," anasema. "Mke wangu ananipokea, anazikung'uta, anafua. Mimi naona ndiyo mapenzi."

Kwa miaka tisa alipasua betri chakavu, akatoa madini ya risasi na kuyayeyusha kwenye sufuria nyuma ya karakana. Riziki ilipatikana, mkono ulikwenda kinywani. Lakini mimba za mkewe zilitoka tatu ndani ya miaka minne. Ya mwisho ilikuwa na miezi mitano.

Mama yake fundi alishatoa hukumu. "Tafuta mwingine, mwanangu. Tumbo la huyu halishiki." Mkwe alikuwa jikoni, akayasikia yote.

"Nilinyamaza," anasema fundi, macho chini. "Kimya changu kilimuumiza kuliko maneno ya mama."

Walipofika kliniki, muuguzi alianza na yeye: "Baba, unafanya kazi gani?" Akaagiza wapimwe damu wote wawili. Majibu yakaja: risasi imezidi mwilini, kwa mume na kwa mke.

"Nikamwambia, dada, mimi hata bunduki sijawahi kushika!"

Muuguzi hakucheka. Alimweleza kwamba vumbi la madini hayo huharibu mbegu za mwanamume, na likiingia kwenye damu ya mama humfikia mtoto tumboni. Nguo ndizo zilizolibeba hadi nyumbani.

Jioni ile fundi alimwita mama yake, akayasema yote mbele ya mkewe.

"Mwanangu, ulimi wangu umekuumiza. Nisamehe," mama alimwambia mkwewe.

"Nitakusamehe, mama. Leo niache nilie kwanza."

Fundi aliacha kuyeyusha. Sasa anatengeneza na kuchaji tu, na mapato yamepungua nusu. Anaoga karakanani kabla ya kuondoka. Muuguzi aliwashauri wasubiri risasi ipungue kwenye damu kabla ya kutafuta mtoto, wakasubiri karibu miaka miwili. Leo mkewe ana mimba ya miezi saba.

Mafundi wanne wa jirani bado wanayeyusha, na wawili wana wake wajawazito. Fundi ameanza kukusanya matofali ya kujenga bafu la wote.

"Wananiita Bwana Sabuni," anasema. "Wacheke tu, mradi waoge."