Kipande cha Ini

Tuliondoka Kisorya kwa sababu mwanangu Nyangeta, wa miezi minane, alikuwa na macho ya manjano tangu wiki zake za mwanzo, na choo chake kilikuwa cheupe kama chokaa. Zahanati walisema homa, baadaye wakasema minyoo. Tumbo lilipovimba mpaka kitovu kikachomoza, mume wangu Majura akasema, "Twende Musoma."

Alfajiri tulipanda lori la pamba hadi Bunda. Nilimfunika mtoto kwa khanga. Jua halikuwa limechomoza bado. Nilikuwa namkinga na macho ya watu.

Jioni tulilala Kiabakari kwa wifi yangu, Modesta. Alimpokea mtoto kwa vigelegele, akamtazama, akamrudishia khanga usoni. Akatuwekea ugali na dagaa.

"Kuleni," alisema. "Huko hospitali hawanaga hata panadoli."

Kesho yake, Musoma. Maduka yalijaa redio na sabuni za kila rangi, nasi juzi tu tulikuwa tunapanga foleni kupata kipande kimoja cha sabuni. Hospitalini tuliambiwa tukanunue sindano wenyewe.

Daktari alikuwa kijana aliyerudi karibuni kutoka masomoni Ulaya. Alimpapasa Nyangeta tumbo polepole.

"Mama, mirija yake ya nyongo haikuumbika vizuri. Ini limeshaharibika."

"Dawa hakuna?" Majura aliuliza.

"Nilikosoma wanakata kipande cha ini la baba au mama, wanampandikizia mtoto. La mzazi linakua tena."

Nilianza kufungua vifungo vya gauni palepale. "Nikate mimi."

Akainamisha kichwa. "Nchi nzima hakuna anayeifanya kazi hiyo, mama."

"Sasa umeniambia ya nini?"

Alituandikia vitamini.

Safari ya kurudi sikuona njia. Kiabakari hatukushuka. Bunda, mwanamke mmoja aliuliza mtoto anaumwa nini, Majura akamjibu, "Anaumwa kuzaliwa huku." Sikuwahi kumsikia akisema neno kali namna hiyo.

Nyangeta alifariki kabla hatujamaliza kuvuna pamba. Waliokuja msibani walisema ni mapenzi ya Mungu, nami niliitikia, kwa adabu tu.

Nililojifunza ni hili: dawa ya mwanangu ilikuwepo. Nilitoka nayo Kisorya mwilini mwangu, nikaifikisha Musoma, nikarudi nayo nzima.