Jogoo Aliyefunguliwa Kamba

Mama yangu hakuwahi kuupenda mkanda niliofungwa tumboni. Aliuvumilia kwa sababu moja tu: nilimwambia unafunguka.

Nilipanda Mpale, kijijini kwetu mlimani, kumweleza nikiwa nimeshatoka hospitali Dar es Salaam, vidonda vimeanza kukauka, maana ningemweleza kabla angenizuia mlangoni. Nikamwambia kama daktari alivyoniambia mimi: kwamba sehemu ya juu ya tumbo la chakula imezungushiwa mkanda wa mpira, na chini ya ngozi kuna kidude ambacho daktari hukichoma sindano, akaongeza maji mkanda ubane, au akayapunguza ulegee. Unakula kidogo, unashiba mapema, mwili unapungua. Mama alinisikiliza huku akichagua maharage kwenye ungo.

"Kwa hiyo umejifunga kama gunia la mahindi," alisema.

"Wamenifunga, mama. Mwenyewe ningejifungaje?"

"Na kamba hiyo inafunguka?"

"Inafunguka. Hata kesho wakitaka wanaitoa."

Akatupa maharage mabovu uani, kuku wakayakimbilia. Kisha akasema, "Basi siku wakikufungua, uje hapa kwanza kabla hawajakufanya lingine. Uje ule kwangu ushibe, nikuone kwa macho yangu. Sikuombi jambo jingine."

Nikaahidi. Sikufikiri mara mbili, kwa sababu sikudhani siku hiyo ingefika.

Ombi hilo halikuwa la ulafi wala ukaidi wa mtu mzima. Mimi nilizaliwa kabla ya wakati, mdogo kiasi kwamba shangazi zangu walikataa kunibeba, wakisema mtoto huyu hafiki. Mama akanibeba peke yake na kunilisha peke yake: uji mwembamba kwa kijiko, kisha uji mzito, kisha ndizi zilizopondwa, akikaa nami jikoni mpaka kikombe kitakate. Nilipokuwa msichana mwenye mashavu na mikono iliyojaa, alinipitisha makusudi mbele ya nyumba za mawifi zake. Mtu akinisifu alijibu, "Huyo nimemlisha mimi." Mwili wangu ulikuwa kazi ya mikono yake, na mimi nimekwenda kulipa watu waupunguze.

Lakini na mimi nilikuwa na yangu. Niliolewa Handeni, nikafungua duka la vyombo sokoni, sufuria na sahani na vikombe, kazi ya kukaa kwenye kiti siku nzima. Mwili ukaongezeka hadi magoti yakagoma na sukari ikapanda. Vijana wa bodaboda wa mtaani kwetu Chanika, hapo hapo Handeni, waliniona nakuja wakaanza kusukumana. Mmoja aliwahi kuniambia, kwa heshima zote, "Shikamoo mama, ila wewe peke yako ni mishikaki." Mishikaki ni ile ya kupakia watu watatu pikipiki moja. Nilicheka nao, nikafika nyumbani nikalia. Mume wangu ni Mzigua na mimi Msambaa, utani kwetu ni chumvi ya kila siku, lakini siku ile hata yeye hakutania. Alisema twende hospitali.

Mkanda ulinisaidia miaka ya mwanzo. Nilipungua, nikaanza kutembea kwa miguu mpaka sokoni, vijana wa bodaboda wakalalamika nimewanyima riziki. Kwa mama ndiko kulikokuwa na tabu. Ugali haukupita. Nilikuwa nikimeza tonge linakwama hapa kifuani, nasimama, natoka nje nyuma ya jiko, nalirudisha. Mama alibaki na sahani aliyoipakua, anaifunika kwa sahani nyingine, anasema, "Utakula baadaye," na sote tunajua hakuna baadaye. Nilikuwa namwambia, "Nimeshiba, mama." Nilidhani neno hilo humfurahisha mpishi.

Kisha mkanda wenyewe ukaharibika. Ulisogea mahali pake. Nikawa nalala nimekaa, kwa kiungulia na kikohozi, na cha ajabu ni kwamba chakula cha maana kilikataa kabisa kupita, lakini soda ilipita, biskuti zilipita, aiskrimu iliteremka bila hodi. Nikaanza kunenepa tena nikiwa na njaa. Nilirudi Dar es Salaam, daktari akapiga picha, akatikisa kichwa. Akasema mkanda utolewe, na badala yake nifanyiwe upasuaji wa aina nyingine: tumbo likatwe, kibaki kifuko cha kiasi cha kikombe cha kahawa, na kifuko hicho kiunganishwe moja kwa moja na utumbo. Ila vyote viwili visifanyike siku moja. Tumbo langu limechubuka, lipewe muda lipone, kama miezi mitatu hivi.

"Na huu wa pili unafunguka?" nilimuuliza. Nilishangaa kusikia swali la mama likitoka mdomoni mwangu.

"Huu ni wa maisha, haufunguki," alisema.

Ndivyo nilivyopata miezi mitatu ya tumbo zima. Bila mkanda, na kabla ya kisu. Nilimpigia mama simu nikiwa bado kitandani hospitali, nikamwambia wameshaufungua. Nilimsikia akimwita mtoto wa jirani amkimbize jogoo.

Sikwenda.

Nimejieleza kwa njia nyingi tangu hapo. Wiki za mwanzo daktari alisema vyakula laini, huo ni ukweli. Halafu mvua ikaharibu barabara ya kupandia, na huo pia ni ukweli, ingawa watu walikuwa wakipanda na kushuka. Halafu mzigo wa sufuria ukaingia dukani. Mama alipiga simu, "Jogoo nimeshamfunga kamba kibarazani. Anawika kama ana kesi na wewe." Nikasema wiki ijayo. Akapiga tena, nikasema mume wangu ana homa, na homa ilikuwa mafua. Mara ya mwisho alisema tu, "Ngojangoja huumiza matumbo, mwanangu," akakata kabla sijapata la kusema.

Ukweli ninaoupata nikikaa peke yangu ni huu. Mkanda ulipotoka, njaa ilirudi yote, na mimi nilikula. Nilikula Handeni. Nyuma ya soko kuna mama mmoja anapika wali na maharage na ugali kwa nyama ya kukaanga, nilikuwa naingia kwake mlango wa nyuma, nakaa nimegeukia ukuta. Ugali ulipita. Tonge la kwanza lililoteremka bila kukwama lilinitoa machozi, na mama mpishi akadhani ni pilipili. Nikala huko siku baada ya siku, na kilo zikaanza kurudi, na kadiri zilivyorudi ndivyo nilivyoogopa Mpale. Wanawake wa kule walikuwa wameniona nikiwa nimepungua. Nilishatembea mbele yao kwa gauni la kubana, mimi mwenyewe nikijipitisha kama mama alivyokuwa akinipitisha. Niliona aibu kupanda mlima nikiwa vilevile nilivyokuwa zamani. Nikajiambia nitakwenda nikishapungua, na kupungua ni mpaka nikatwe.

Kwa hiyo tonge langu la kwanza na la mwisho nililila kwa mtu baki, na mama yangu akabaki na kamba kibarazani. Hilo ndilo linaloniuma.

Tarehe ya upasuaji ilifika, nikakatwa, nikapona. Nilipopanda Mpale nilikuwa nakunywa uji na mchuzi uliochujwa, suruali inanivuka kiunoni ndani ya khanga. Wanawake waliniamkia kwa sauti ya msibani. Mmoja aliniuliza kwa upole kama naendelea na dawa. Hapo ndipo nilipogundua kuwa gauni la kubana halikuwahi kumpendeza mtu yeyote kule isipokuwa mimi.

Mama alikuwa amekaa kibarazani. Jogoo alikuwepo, mwekundu, mkubwa, mguu umefungwa kamba ya katani kwenye nguzo. Nilikuwa nimempigia simu kwamba napanda, na jiko lilikuwa limeshawashwa, maji yapo motoni. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Hakuitikia upesi kama kawaida yake. Aliniangalia shingo, mabega, mikono.

"Wameshakukata?" aliuliza.

"Wameshanikata, mama."

"Marahaba," alisema.

Akainuka kwa kushika nguzo, akainama, akaanza kuifungua ile kamba. Fundo lilikuwa limekaza kwa siku nyingi, akalihangaikia kwa kucha, mimi nimesimama na mfuko wangu wa sukari na majani ya chai mkononi. Nilitaka kumsaidia na mikono haikwenda. Kamba ilipolegea jogoo hakujua kama yuko huru, alibaki amesimama palepale. Mama akampiga kofi dogo la mgongoni, "Nenda, umepona." Kisha akaingia jikoni, maji yaliyokuwa ya kumchemshia jogoo akayakorogea uji.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliniletea uji kwenye kikombe cha bati, akakaa mbele yangu, akanitazama nikinywa kwa kijiko, kidogo kidogo, kama alivyonitazama nilipokuwa mtoto wa kutobebeka. Nilipofika nusu nikasema nimeshiba. Akachukua kikombe akamalizia mwenyewe.

Sitaki nieleweke vibaya. Upasuaji wa pili umenipa afya. Sukari imeshuka, magoti yananibeba, sijutii kisu. Zipo adha zake, nikila kitamu jasho linanitoka na moyo unakimbia, na vidonge vya vitamini nitameza mpaka kufa. Hayo nimeyazoea. Ninachojutia ni ile miezi, mlango uliokuwa wazi na mimi nikazunguka kwa nyuma.

Nilifikiri basi, limepita. Lakini mwaka jana mama alianza kudhoofika, tukamteremsha aje akae nasi Chanika. Alikuja na sanduku moja na tenga, ndani ya tenga jogoo yule yule, kucha zimejikunja, mkia umepungua, hasira ziko palepale. Mume wangu akamfunga kamba chini ya mwarobaini, akisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mama akacheka. Lilikuwa cheko lake la kwanza tangu ateremke.

Chakula ndicho kilichomkataa. Daktari wa hapa mjini alisema ni uzee na moyo uliochoka, tumpe anachopenda. Nikampikia anachopenda. Nilitwanga kisamvu, nikapika ndizi, nikasonga ugali laini. Alikuwa anamega, anatafuna, ananawa mikono. "Nimeshiba, mwanangu." Mimi nabaki na sahani, naifunika kwa sahani nyingine, namwambia, "Utakula baadaye." Nina duka zima la sahani, na sikuwahi kujua sahani iliyofunikwa ina uzito gani.

Ijumaa moja mwenyewe akasema, "Yule mzee wa kwenye mwarobaini achinjwe. Asije akafa kibudu." Tukamwita jirani akachinja. Jogoo nilimchemsha tangu asubuhi hadi karibu na adhuhuri, nyama ngumu kama kiatu, mkaa unaisha naongeza. Nikasonga ugali. Mume wangu alijua habari ya ile ahadi, akachukua chake akaenda kula barazani.

Tulikaa mkekani, mama na mimi, sahani moja katikati. Mimi nilikula kiasi cha kifuko changu, vipande viwili vya nyama nilivyotafuna mpaka vikawa unga, na nikaacha. Mama alikula matonge mawili madogo, akachovya la tatu kwenye mchuzi, akalimeza kwa shida, akanyoosha mkono kutafuta maji ya kunawa.

"Nimeshiba," alisema.

Sahani ilikuwa bado imejaa. Nilijua nisimsumbue. Nilijua kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba ile jinsi tonge linavyokuwa pale lisipotakiwa. Lakini neno lilinitoka mdomoni, "Ongeza kidogo tu, mama. Nikuone."

Aliniangalia. Nilidhani atanikumbusha, na alikuwa na haki. Akaurudisha mkono kwenye sahani, akamega ugali, akaufinyanga polepole, akachukua na kipande cha jogoo wake. Akatia mdomoni. Alitafuna kwa muda mrefu, akifumba macho kila akimeza, na mara moja aliweka kiganja kifuani, pale pale palipokuwa pakinikwama mimi. Lakini tonge lile alilimaliza. Tumbo lake lilikuwa halitaki kitu, na bado alikula kwa sababu nimemwomba.