Kijiji cha Mama Sufuria

Zamda Mhina alikuwa na hasira za polepole, na hizo ndizo mbaya. Zangu mimi ni moto wa nyasi, zinawaka na kuzima kabla mtu hajamaliza kukimbia. Nimeendesha Landrova ya hospitali hapa Korogwe miaka kumi na tisa, nimegombana na trafiki, madaktari na ng'ombe, lakini mtu niliyemwogopa alikuwa huyo karani wa kadi. Alikuwa binti wa mkulima wa Handeni, mfupi, sauti yake ya chini, akipanga chumba Manundu na kuja kazini kwa miguu na kikapu chake.

Watu wakimkumbuka Zamda husema alikuwa mpole. Hawakumjua. Mimi nitasema alichofanya mwaka wa sabini na tano, na mpaka leo nikikisimulia mwili unanisisimka.

Kila mama mjamzito aliyeandikishwa kwenye kliniki zetu alikuwa na kadi ngumu ya manila pale ofisini kwa Zamda. Mwaka ule zilikuwa mia tisa. Ukingoni mwa kadi palijipanga matundu, na kila tundu lilikuwa na maana yake: hili amewahi kupasuliwa, hili alivuja damu, lile atajifungua mwezi wa nne. Jambo likimhusu mama, Zamda alikata ukingo wa tundu hilo kwa koleo la kutobolea tiketi tulilopewa na Simeo, mkaguzi wa treni, na tundu likawa pengo. Basi ukitaka waliowahi kupasuliwa, unazishika kadi zote pamoja, unapitisha spoku ya baiskeli kwenye tundu la upasuaji, unanyanyua na kutikisa. Zenye pengo zinaanguka mezani, nyingine zinabaki zikining'inia. Siku ya kwanza kuona nilidhani ni kiinimacho.

Shida ilikuja na Operesheni Vijiji, serikali ilipowapakia watu malori na kuwapeleka vijiji vipya. Kadi zilikatwa kabla watu hawajahamishwa, na sasa matundu ya mahali yalitaja vitongoji ambavyo vilishabaki na mashimo ya nguzo na nyani tu. Masika yalikuwa mlangoni. Kabla barabara hazijageuka matope, Landrova ilitakiwa kupita vituo sita, Kabuku, Dindira na vingine vinne, ikawachukue wale waliowahi kupasuliwa waje kungojea siku zao hospitali. Mimi ndiye dereva, lakini nimchukue nani, wapi?

Mmoja wao nilimjua kwa jina. Kudra. Miaka miwili kabla nilimbeba kutoka Kabuku akiwa siku ya tatu ya uchungu, gari likazama mara mbili, na tulipofika mtoto alikuwa ameshakufa. Yeye alipasuliwa akaponea chupuchupu. Daktari alimwambia mimba nyingine yoyote asithubutu kuingoja nyumbani. Sasa alikuwa na mimba ya miezi minane, na mimi sikuwa tayari kuisikia tena sauti ile nyuma ya kiti changu.

Kwenye kila kadi yalikuwa yamebaki matundu manne tu ambayo hayajapewa kazi. Vituo sita, matundu manne. Zamda alikaa nayo asubuhi nzima akichezesha punje nne za mahindi mezani, halafu akaniita.

"Kaka Laurenti, kila kituo tunakipa matundu mawili. Kabuku la kwanza na la pili. Dindira la tatu na la nne. Ukiyapanga mawilimawili unapata sita kamili."

Nikayahesabu kwa vidole, nikarudia, nikapata sita. Nilifurahi utadhani nimeyavumbua mimi. Mzee Matayo, katibu wa hospitali, alifurahi zaidi yangu, akataka kadi zote zikatwe Jumamosi ileile.

"Naomba siku nne, mzee," Zamda akasema.

"Za nini? Si umeshapata jibu?"

"Nimepata jibu la mezani. Nikishakata pengo sina uzi wa kulishona. Gundi tulijaribu, joto likaibandua."

Mzee Matayo akampa siku nne kwa shingo upande. Na Zamda akafanya kitu ambacho nilikicheka waziwazi. Alichukua kadi tupu sitini zilizosalia kabatini, akazitenga arobaini, akachora mstari mwekundu katikati ya kila moja, kisha akaanza kuandika watu ambao hawapo. Mama Sufuria wa Kabuku, alipasuliwa, mwezi wa nne. Mama Kijiko wa Dindira, alivuja damu, mwezi wa tano. Mama Sahani, Mama Mwiko, Mama Kinu. Jiko zima likapata mimba.

"Sasa kwa nini usiwape majina ya watu?" nikamuuliza.

"Ili siku kadi zikichanganyika, usije ukaenda Kabuku kumtafuta Mama Kijiko."

Nikakiita Kijiji cha Mama Sufuria. Nikatangaza hospitali nzima kwamba ndicho kijiji pekee mkoani Tanga ambacho watu wamehamia bila kupandishwa lori. Zamda alikata mapengo, akapitisha spoku, akatikisa. Wa Kabuku wakaanguka Kabuku. Wa Dindira wakaanguka Dindira. Alivuruga kadi kama karata, akatikisa tena, na kila mmoja akaanguka kwao. Ilikuwa raha kuitazama, na nilimwambia hivyo.

Hapo ndipo nyasi zangu zilipowaka. Siku ya pili tu na kazi imekwisha, tunangoja nini? Zamda alipokwenda kula, nilifungua sanduku la kadi za kweli, nikaitafuta ya Kudra, nikachukua koleo na kumkatia Kabuku, la kwanza na la pili. Nilitaka awe wa kwanza. Nikairudisha kadi mahali pake, nikatoka nikipiga mluzi.

Kesho yake Zamda alikuja na mama mwenye nyumba wake, Bi Zuena, mkunga wa Manundu aliyezalisha nusu ya mtaa. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa mbele ya kile kijiji cha uongo na kuonyeshwa kila kitu. Alichekeshwa na majina. Halafu akashika kadi ya Mama Sufuria, akaigeuza nyuma na mbele.

"Hawa watu wako, mwanangu, hawana mama?"

"Kivipi, bibi?"

"Huyu umemwandika anakaa Kabuku. Kwa mumewe, sawa. Lakini mwanamke aliyepasuliwa mimba ya kwanza, mtoto akafa, wewe unadhani ya pili ataizalia kwa mama mkwe? Huyo mwezi wa nane unamkuta kwa mama yake."

Zamda akamwomba Bi Zuena awape wale watu mama zao, na bibi akawagawia kwa furaha, huyu kwao Dindira, huyu kwao Kabuku, huyu mama yake alishakufa basi kwa shangazi. Zamda akawa anaongeza mapengo: palipo nyumba ya mume, na palipo nyumba ya mama. Mama Sufuria alikuwa na la kwanza na la pili, sasa akaongezewa la tatu na la nne. Zamda akapitisha spoku kutafuta wa Kabuku. Mama Sufuria akaanguka. Akatafuta wa Dindira. Akaanguka. Akatafuta vituo vile vinne ambavyo Mama Sufuria hakuwa na hata kuku huko, akaanguka kote.

Bila shaka anaanguka, matundu yake yote manne yameshakuwa mapengo. Kadi moja, vituo sita. Bi Zuena alicheka mpaka akashika mbavu, na Zamda naye akacheka, macho yanang'aa, kwa maana kosa limeonekana na aliyeumia ni sufuria. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaelewa nilichokifanya kwenye kadi ya Kudra.

Nilimwambia. Alitoa kadi ya Kudra, akayatazama yale mapengo mawili.

"Umekata kwa kuwa unamwonea huruma, au kwa kuwa una haraka?"

"Vyote viwili."

"Huruma nakusamehe," akasema. Akachukua moja ya kadi tupu ishirini zilizobaki, akanakili kadi yote ya Kudra kwa mkono, neno kwa neno, pengo kwa pengo, akaniweka pembeni yake nisome kwa sauti ili asikosee. Ile niliyoiharibu akaichora mstari mwekundu na kuitia kwa kina Sufuria. Siku mbili hakunisemesha, na nilistahili.

Dawa yenyewe ilikuwa fupi. Kila kadi ingepata mahali pamoja tu, na mahali penyewe si anapokaa mama, ni atakapojifungulia. Ila hilo halikuandikwa popote, ilibidi waulizwe. Zamda akamwambia Mzee Matayo kwamba siku nne sasa ni kumi na mbili, kwa sababu swali lazima lipite kwa mabalozi wa nyumba kumi na kurudi.

"Mvua ikituwahi," mzee akasema, "na mama mmoja akafia kijijini, mimi nitaandika jina lako."

"Andika, mzee. Lakini nikikata leo utaandika mengi."

Zile siku sikulala vizuri. Kila asubuhi nilitazama milima ya Usambara kama mtu anayedaiwa, nikiona wingu nasonya. Zamda huku ndani alikijenga upya Kijiji cha Mama Sufuria kwa vipande vya maboksi ya maziwa ya unga, safari hii kila mtu na mahali pamoja, na Bi Zuena akaalikwa akivunje. Alijaribu kwa mapacha, kwa wajane, kwa mke wa pili. Hakikuvunjika. Majibu ya mabalozi yalipofika, mengine yameandikwa nyuma ya pakiti za sigara, tulikuta kina mama zaidi ya mia tatu wasingejifungulia pale wanapokaa. Zaidi ya mia tatu, jamani. Ningezunguka na gari tupu masika yote.

Tulikata kadi mia tisa kwa siku moja na nusu, yeye akikata, mimi nikisoma, Bi Zuena akihakiki kwa kuuliza jina la mama wa kila mtu ingawa hatukuwa nalo. Kisha Zamda akanipa spoku mimi. Upasuaji. Mwezi wa tatu na wa nne. Tundu la tatu. Tundu la nne. Nikanyanyua, nikatikisa, na kadi saba zikaanguka mezani kwa ajili ya Dindira. Ya pili ilikuwa ya Kudra. Nilipiga kelele mpaka nesi akaja kuona nani kaumia.

Siku tatu tulizoa vituo vya bondeni, kila mama tukimkuta pale kadi iliposema. Dindira tulikwenda mwisho, na Zamda alipanda nami. Njia nzima ya kupanda nilikuwa naimba, yeye ananiambia nitazame makorongo. Tuliwapata sita. Wa saba alikuwa amekaa kibarazani, tumbo mbele, anachambua maharage. Kudra aliponiona alisimama.

"Nani kakwambia niko huku? Huko Kabuku wanajua nimekwenda Korogwe."

"Wewe mwenyewe ulimwambia balozi wa huku," Zamda akamjibu.

Lakini mlangoni alitokea mama yake, Mama Stefania, mchuma chai, mikono myeusi kwa utomvu, na huyo hakuwa na habari ya kadi wala spoku.

"Shikamoo mama," tukasema.

"Marahaba. Mtoto wangu haendi. Mara ya kwanza nilimwacha mikononi mwa watu, wakaniletea habari. Hii anajifungulia kwangu."

Nilikaribia kuwaka. Nyuma yetu wingu lilikuwa limeshakaa juu ya msitu, na utelezi wa ile njia naujua. Zamda akanikanyaga mguu. Alimtazama yule mama kwa utulivu, kama alivyomtazama Mama Sufuria akianguka vituo sita, na nikajua kaona kitu.

"Mama," akasema, "hatujaja kukunyang'anya. Tumekosea kuleta gari la mtu mmoja. Chukua kanga zako, panda na wewe."

"Hospitali wanaruhusu?"

"Hawajawahi. Nitajaribu kwanza na wewe."

Mama Stefania alitutazama, akaingia ndani, akatoka na kifurushi na sufuria ya uji. Matone ya kwanza yalianguka tukiwa kwenye kona ya tatu, na tulipogusa lami mlima wote ulikuwa umefungwa na mvua. Mzee Matayo alipomkuta mama huyo amekaa kwenye benchi la wodi aliuliza kwa idhini ya nani. Zamda akamjibu kwamba ni majaribio. Mzee akaenda zake.

Kudra alipasuliwa siku ya tisa, saa nne asubuhi. Niliisikia sauti ya yule mtoto nikiwa chini ya gari, nikalia palepale na grisi usoni, na sioni haya kulisema. Nilipoingia, nesi alikuwa na daftari la vizazi, Kudra bado amelala, na mtoto wa kike yumo mikononi mwa bibi yake. Nesi aliuliza mahali alipozaliwa, kwa mazoea tu, kalamu imeshaanza kuandika jina la hospitali.

"Kwangu," Mama Stefania akasema. "Andika amezaliwa kwangu."