Siku Nilipomwita Gogo Taprandich Mwizi

Iko asubuhi moja ya Cheptiret ambayo sijaisahau, mwanangu, na sitaki kuisahau hata nikizeeka mpaka nisahau jina langu. Nitakusimulia yote, pamoja na mahali pa aibu, kwa sababu mzee anayesimulia ushindi wake tu anakudanganya.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Baba na mama walitoka Central, kwa Wakikuyu, wakafungua duka Timboroa, na kati ya watoto wao wote ni mimi niliyepata A ya kemia. Ai, maringo niliyokuwa nayo! Ungedhani atomu niliivumbua mimi. Basi nikapata kazi Cheptiret, kwa chama cha ushirika cha maziwa, kazi ya kupima maziwa ya wakulima kabla hayajamwagwa kwenye tangi la kupozea. Nikapewa koti jeupe, daftari na laktomita. Kama hujaiona, laktomita ni kichupa chembamba cha kioo chenye shingo ndefu iliyoandikwa namba. Unakitumbukiza kwenye maziwa kinaelea. Maziwa mazito yanakiinua, yaliyotiwa maji yanakiacha kizame. Sheria yetu ilikuwa fupi: chini ya ishirini na nane, maziwa yanarudi nyumbani. Ukirudishwa mara tatu, jina lako linaandikwa kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni, na uanachama wako umekwisha.

Ng'ambo ya barabara, hatua chache tu kutoka langoni, aliishi mjane mmoja mzee, Gogo Taprandich. Gogo ni nyanya kwa Kikalenjin, na kila mtu alimwita hivyo. Alikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu, na heshima yake. Wenzake walitoka mbali kwa baiskeli na punda, baridi ya asubuhi ikiwapiga njiani. Yeye alikamua, akavuka barabara, akafika wa kwanza, povu likiwa bado limejaa mdomo wa mtungi. Nikapima. Ishirini na tano.

"Mama, maziwa yako yana maji," nikasema, na wala sikushusha sauti.

Sasa elewa nilichosema. Kwa watu wa Uasin Gishu maziwa si kinywaji tu. Wazee hubariki nayo. Kumwambia mama wa Kikalenjin kwamba ametia maji kwenye maziwa ni kumvua nguo sokoni. Na mimi nilijua hivyo, nimekua nao, nimecheza nao. Nilijua na nikasema.

"Maji?" akauliza. "Mimi?"

"Laktomita haidanganyi, Mama."

Siku ya pili, ishirini na tano. Siku ya tatu, ishirini na tano na nusu. Nikachukua chaki, nikaandika jina lake kwa herufi kubwa, na nikajisikia mtu wa maana sana. Ile Jumapili kanisani wanawake walisogea mbali naye kwenye benchi. Niliona kwa macho yangu. Nikafungua kitabu cha nyimbo nikaimba.

Jumatatu alirudi. Mimi nilidhani amekuja kuomba msamaha, na nilikuwa nimeshatunga maneno ya kumsamehe. Kumbe! Alikuja akivuta ng'ombe kwa kamba, ndama nyuma, ndoo kavu kichwani. Akamfunga ng'ombe kwenye nguzo ya lango, watu wote wamepanga foleni na mitungi yao, akapindua ndoo ile mbele yao mmoja mmoja. "Angalia ndani. Wewe pia angalia. Iko maji?" Hakuna aliyethubutu kucheka. Akachuchumaa, akamwimbia ng'ombe polepole, akakamua. Halafu akaniletea ndoo mpaka kifuani.

"Pima."

Nikapima. Ishirini na tano.

Mwanangu, foleni nzima ililipuka kwa kicheko. Gogo peke yake hakucheka. "Sasa niambie, msichana wa shule," akasema, "nani ameweka maji? Mimi ama Mungu?"

Nilisimama pale nimeshika kichupa, masikio yanawaka. Maziwa yametoka kwa ng'ombe saa hiyo hiyo, na namba inasema yana maji! Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho niliandika kwenye mtihani nikapata alama zote. Namba ya laktomita ile ni ya maziwa yaliyopoa, nyuzi ishirini. Kitu kikipata joto, chembe zake huchangamka, husukumana, hutaka nafasi. Uzito ni ule ule lakini nafasi imeongezeka, kwa hivyo kila lita inakuwa nyepesi kidogo. Kipimajoto nilikuwa nimepewa siku ya kwanza. Kilikuwa kwenye droo, ndani ya karatasi yake, sijakifungua. Maziwa ya wale wa mbali yalifika yamepoa njiani, ndiyo maana hayakunisumbua. Aliyeadhibiwa ni yule aliyefika mapema, na maziwa mabichi kuliko ya wote.

Nikaagiza karai la maji baridi, na maji ya Cheptiret mwezi wa saba unayajua. Nikaweka maziwa humo, nikayakoroga taratibu, tukangoja povu lishuke. Kila mtu aliacha mtungi wake akasogea kutazama. Kichupa kilianza kuinuka. Ishirini na sita. Ishirini na saba. Kilipopita mstari wa ishirini na nane, mzee mmoja nyuma yangu alisema, "Wee!"

Meneja akatoka ofisini mbio. Akanivuta kando akaninong'oneza, "Sema chombo kimeharibika. Tutaagiza kingine, mambo yaishe."

Ungefanya nini? Kazi ilikuwa tamu na chombo hakina mdomo wa kujitetea. Lakini nilimtazama yule mama amesimama na ng'ombe wake mbele ya umati wote, peke yake, nikaona haya mpaka kwenye mifupa. Nikarudi pale mbele nikasema kwa sauti ile ile niliyomtukania: "Laktomita ni nzima. Niliyekosea ni mimi. Huyu mama hajatia maji hata tone."

"Ubao ni ya ofisi," meneja akasema. "Ukigusa hilo jina, koti unaacha hapa."

Nikalifuta jina kwa mkono wa koti lenyewe. Halafu nikalivua nikalitundika langoni. Si kwamba sikuogopa. Niliogopa sana. Lakini iko siku mtu anaogopa na anaenda tu.

Usidhani Gogo alinikumbatia. Aliniangalia kutoka juu hadi chini akasema, "Siku tatu umepokea mtungi yangu kwa mkono. Mkono yako haikusikia moto?"

"Ulisikia, Gogo."

"Na kwa nini hukuiamini?"

Nikautazama mkono wangu. "Leo sijakusamehe," akasema. "Kuja kesho." Nikaenda kesho yake, na kesho kutwa, na siku iliyofuata. Siku ya nne akanipa kikombe cha chai, na hapo ndipo tulipoanza.

Baba yangu alinigombeza kwa kupoteza kazi, lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilisoma tena, nikawa mwalimu wa kemia, na nimefundisha Eldoret hii mpaka nikastaafu na kuhamia hapa Kimumu, pembeni mwa mji. Kila mwaka nilianza na vipimo kabla ya atomu, na kila mwaka wanafunzi walinuna. "Madam, hii ni boring, tupeleke kwa nuclear." Hebu ngoja! Hiyo nyuklia unayoitaka ilipatikana vipi? Kuna watu walirusha chembe ndogo kabisa kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu. Karibu zote zikapenya, chache mno zikarudi nyuma. Mtu wa haraka angesema chombo kimeharibika. Hao walikataa kuzitupa zile chache. Wakauliza zimegonga nini, na ndivyo tulivyojua kwamba atomu ina kiini kidogo, kizito, katikati, na kwingine kote ni kama uwanja mtupu.

Kwa hivyo sikiliza nasaha yangu, na uishike. Usiandike namba kabla hujajua ilipimwa katika hali gani. Kipimo kikikukaidi usikitupe na usikipindishe ili kifanane na ulichotaka, kiulize. Na namba ikigusa jina la mtu, pima mara ya pili na ya tatu, kwa sababu jina likichafuka halisafishwi kwa sabuni. Ukikosea, kosa lako libebe wewe, usimtwike chombo wala mnyonge. Wakikuambia ukubali uongo kidogo ili mambo yaishe, kataa. Wakikuambia mkataa wengi ni mchawi, waambie haya, mimi ni mchawi, leteni tupime tena.

Mungu akupe mkono mwepesi na jicho pevu, mwanangu. Akupe kichwa cha kusoma na shingo isiyoinama kwa uongo. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mwenye kosa, akupe sauti ya kulisema hapo hapo ulipolifanyia, mbele ya wale wale waliokusikia.