Kihenge cha Kezia

Ukoo wa Nyangwine pale Susuni haukuwahi kuwa na ng'ombe wengi, ila ulikuwa na jina. Ukisema kihenge cha Nyangwine, kila mtu alijua unasema ghala ambalo panya hulizunguka mpaka akachoka. Ndiyo maana mzee Nyangwine, msukaji mwenyewe, alipoteleza uani kwa Kezia, jirani aliyemwagiza kihenge, na kuvunjika mkono, kihenge cha ulezi wa mama huyo kikiwa kimefika magotini tu, hakutafuta fundi mwingine. Alimtuma mtu kwenye machimbo ya Nyamongo akamlete mwanawe, Ryoba.

Ryoba alikuja shingo upande. Miaka ile ya dhahabu, vijana wa Tarime walikuwa wameacha majembe shambani na kwenda kuishi chini ya maturubai. Yeye na wenzake walikuwa na duara lao, shimo walilolichimba kiangazi kizima, na udongo ulikuwa umeanza kubadilika rangi. Mwamba ulikuwa karibu, na sheria ya machimboni ilikuwa moja: mawe yenye dhahabu yakitoka, hugawiwa waliopo.

"Nikimaliza tu, naondoka," alimwambia baba yake kabla hata hajakaa.

"Kwanza anza," alijibu mzee.

Kusuka alikuwa amejifunza nusunusu utotoni, akakimbilia mambo mengine. Sasa mzee aliketi kwenye kigoda uani kwa Kezia, mkono umefungwa vibanzi, akimfundisha upya.

"Ufito mmoja nje, mmoja ndani. Ukandamize kwa dole gumba. Si hivyo, mura! Huo ni uzio wa mbuzi."

"Tata, unashika vizuri," Ryoba alimjibu baba yake.

"Unashika kwa macho yako tu. Huoni ulezi utakavyopita hapo?"

Mikono ilikuwa kwenye fito, masikio barabarani. Kila gari lililonguruma upande wa Sirari lilimfanya Ryoba anyanyue kichwa. Usiku alijigeuzageuza kitandani akilisikia kichwani sururu la wenzake likigonga. Mzee alikuwa amemwagiza akate fito za siku hiyo tu, kwa sababu ufito mbichi hupinda na kushikamana na mwenzake, na uliokauka hubaki na kiburi chake. Ryoba aliona huko ni kupoteza muda. Alishuka bondeni na panga, akakata zote mara moja, kama mtu anayejaza viroba vya mawe, akazirundika juani.

Halafu mkono wa mzee ukavimba, akalazimika kubaki nyumbani. Ryoba akawa peke yake na kihenge. Fito zilikuwa zimeanza kukauka. Alizilowesha mtoni, nyingine zikakubali, nyingine zikalia ka! mkononi mwake. Zilizovunjika alizichomeka ubavuni kwa ndani, akazibana kwa zile nzima, akapanda juu kwa kasi.

Katika kazi ile kuna jambo moja ambalo mzee Nyangwine hakuwahi kuliruka. Kabla ya kupaka udongo, msukaji huingia ndani ya kihenge, mdomo ukafunikwa kwa ngozi ya ng'ombe, naye hukaa gizani akitafuta mwanga. Panapoingia mwanga, panya ataingia. Ryoba alilijua hilo. Lakini asubuhi ile wingu zito lilikuwa limesimama juu ya vilima, ulezi wa Kezia ulikuwa umetandazwa kwenye ngozi uani, na yeye mwenyewe alitaka kuondoka. Alichanganya udongo na kinyesi cha ng'ombe, akapaka nje na ndani bila kuufunika mdomo na kukaa gizani kwanza.

Jioni mzee alimuuliza, "Uliingia gizani?"

"Niliingia."

Mzee alimtazama, akaenda kulala.

Udongo ulipokauka, wingu likiwa limerudi vilimani, Kezia aliwaita majirani waje kujaza. Mzee naye alikuja, mkono kifuani. Kabla hawajaanza, pikapu ikapiga honi barabarani. Alishuka Athuman, kijana wa Nyamisangura aliyekuwa akiwapelekea chakula machimboni.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee." Kisha akamgeukia Ryoba. "We mura, unasuka ghala au safina ya Nuhu? Duara limefika kwenye mwamba! Mgao ni leo. Wamenituma kwa sababu wanakupenda, lakini hawatakungoja."

"Nipe dakika moja."

"Dereva hajazima gari, unasikia?"

Ilibaki kazi moja tu. Ungo wa kwanza wa ulezi hupokewa na msukaji akiwa ndani, autandaze chini ili mzigo usielemee upande mmoja. Ryoba alipanda, akaruka ndani. Vichwa na mabega ya watu waliochungulia viliziba mdomo, na giza likaja.

Akaona mwanga. Ulikuwa mwembamba kama uzi, chini ubavuni, pale alipochomeka fito zilizovunjika. Udongo ulikuwa umepasuka juu yake.

"Pokea!" Kezia aliteremsha ungo. "Mungu awabariki watu wa nyumba ya Nyangwine. Tangu enzi za mama mkwe wangu sijawahi kupoteza punje."

Ungo mmoja ulitosha kuufunika uzi ule. Honi ikapiga tena. Ryoba alishika ungo, jasho likimtiririka, akimchukia baba yake, akiichukia pikapu, akiuchukia hata ulezi wenyewe.

"Mama, usimwage."

"Unasemaje?"

Alimrudishia ungo ukiwa umejaa, akachupa nje. "Kuna tundu. Sikuingia gizani kuangalia. Tata, nilikudanganya."

Majirani waliguna. Mmoja akacheka, "Mfuma dhahabu huyo!" Kezia aliweka ungo chini kwa kishindo. "Mvua ile unaiona? Ulezi wangu niuweke wapi, kichwani mwako?"

"Kabla haijanyesha nitakuwa nimeziba."

"Ryoba!" Athuman aliita kutoka kwenye pikapu. "Unakuja ama huji?"

Ryoba alichukua panga akafungua ubavu wa kihenge, udongo mkavu ukimwagikia miguuni. Pikapu iliondoka. Aliisikiliza mpaka ilipopanda mlima na kubadilisha gia, na panga likakosea likakata ufito mzima.

"Taratibu," alisema mzee. Alikuwa amepiga magoti upande wa pili, akiushikilia ufito kwa mkono wake mzima ili usichomoke. "Lete mwingine. Mbichi."

Ryoba akakimbia kuelekea bondeni. Tone la kwanza la mvua lilimpiga shingoni kabla hajafika.