Pikipiki ya Maji Niliyoitangaza Mfu

Namshukuru Mungu kwa subira aliyonipa, maana siku ile akili sikuwa nayo.

Pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, dereva wa lori aliniletea mimi, fundi na mzee wa kanisa, pikipiki ya maji, ile inayoendeshwa umesimama. Ilikuwa imezama ziwani na injini ikakataa kuzunguka.

"Mzee, mwenyewe anaingoja Tororo, na geti la mpaka linafungwa jioni," akasema dereva.

Mimi nimezoea injini za dizeli za kusagia mahindi, zisizo na plagi ya kuwashia moto. Nikatangaza pistoni imekwama, nikapambana nayo kutwa, nikikemea kila mshauri.

Mama muuza samaki akauliza, "Maji yaliyoingia ndani ya injini yalitolewa na nani?"

Dereva akafungua plagi, akavuta kamba ya kuwashia. Injini ikazunguka, maji yakatoka kwenye tundu la plagi yakaniruka usoni.

"Mzee wa kanisa amebatizwa tena," akasema mama.

Msomaji, Mungu akujalie kusikiliza kabla ya kukemea.